Kalamu Ikipita Juu ya Ramani
Hotuba kwa wandugu wa Bukavu na wafanyakazi wa migodi

Wandugu, mama na baba wa Kadutu, Ibanda na Bagira, nanyi wa migodi ya Kamituga: kura inaweza kuibiwa kabla sanduku halijafunguliwa. Anayegawanya maeneo ya uchaguzi ndiye anayegawanya viti. Penye watu wengi akitoa viti vichache, mwenye kura nyingi anashindwa.

Tukumbuke Katanga, Mei 1960. Muungano wa Balubakat ulipata kura kuliko Conakat ya Tshombe, lakini Conakat ikapewa viti 25 kati ya 60, na muungano ukapata pungufu. Sheria ya Msingi, iliyotungwa Brussels, ilitaka theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Balubakat wakatoka barazani. Tarehe 15 Juni Bunge la Ubelgiji likabadili sheria hiyo, siku 15 tu kabla ya uhuru, na Conakat ikashika serikali. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga pamoja na shaba yake. Nani alilipa? Raia, kwa damu.

Tusiseme hayo ni ya Wabeleji peke yao. Januari 2011 Bunge letu wenyewe lilibadili kifungu cha 71 cha katiba ya 2006: duru mbili za kumchagua rais zikawa moja. Desemba mwaka huo Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa kura chini ya nusu. Desemba 2018, Beni na Butembo wakaambiwa wangoje hadi Machi 2019. Rais akaapishwa Januari bila kura zao.

Kifungu cha 220 kinakataza kugusa muhula wa rais. Muhula ulikwisha 2016, uchaguzi ukaja 2018, na kifungu hakikuguswa hata neno! Basi katiba ni ukuta, lakini ukuta haujilindi.

Mlinzi ni sisi. Tunataka kanuni za uchaguzi zisibadilishwe kura ikiwa karibu, na hesabu ya viti isomwe mbele ya watu. Tena tujue hili: tangu 2006 viti vinafuata hesabu ya walioandikishwa. Mchimbaji asiyejiandikisha anaipunguzia Mwenga nguvu, na hakuna mwizi aliyemnyang'anya.

Wandugu, tujiandikishe, tuhesabu, tuulize.