Kifafa Kikikataa Dawa: Kifaa cha Kutuliza Ubongo Kinamfaa Nani?



Familia iliyohangaika na kifafa kwa miaka mingi ikisikia kwamba kuna kifaa kinachopandikizwa mwilini ili kutuliza ubongo, hupata matumaini makubwa. Wengine hufikiria hata kuuza shamba. Kabla ng'ombe hajafikishwa sokoni, ni vyema kila mmoja aelewe kifaa hicho hufanya nini, na kinamfaa nani.

Mshtuko wa kifafa hutokea pale seli za ubongo zinapotoa umeme mwingi kwa pamoja, kupita kawaida. Vifaa hivi hutuma umeme mdogo wa betri ili kuzuia hali hiyo. Viko vya aina tatu.

Cha kwanza huwekwa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, na waya wake huzungushwa kwenye neva ya vegasi shingoni. Ubongo wenyewe hauguswi. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997. Cha pili hukaa ndani ya mfupa wa fuvu. Husikiliza umeme wa ubongo, na kikiona dalili za mshtuko hujibu papo hapo. Kiliidhinishwa huko mwaka 2013. Cha tatu hukaa kifuani, lakini nyaya zake mbili hufika ndani kabisa ya ubongo, sehemu iitwayo thalamasi. Hicho kiliidhinishwa mwaka 2018.

Je, vinaponya? La, kazi yake ni kupunguza mishtuko. Katika utafiti wa kifaa hicho cha tatu, uliohusisha wagonjwa 110, baada ya miaka miwili zaidi kidogo ya nusu yao mishtuko yao ilikuwa imepungua kwa nusu au zaidi. Kwa mtu anayeshikwa kila wiki, hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, wengi huendelea kumeza vidonge. Upasuaji unaweza kuleta maambukizi au kuvuja damu, kifaa cha shingoni kinaweza kukwaruza sauti, na betri ikiisha mgonjwa hurudi kwa daktari. Gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi.

Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: je, dawa zimeshindwa kweli?

Madaktari husema kifafa kimekataa dawa pale tu mgonjwa amejaribu dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi ya kutosha, akazimeza kama alivyoagizwa, na bado mishtuko ikaendelea. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye kifafa hufikia hali hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakipimwa na kutibiwa ipasavyo.

Hapa Kenya, wengi hawajafika hata kwenye dawa ya kwanza. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2012 ulipima damu ili kujua ni nani kweli alikuwa na dawa mwilini. Zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupasuliwa. Anahitaji vidonge kila siku, na baadhi ya vidonge hivyo ni vya bei nafuu.

Wakati mwingine dawa huonekana kushindwa kwa sababu dozi ni ndogo, aina yake hailingani na kifafa chenyewe, imekatizwa fedha zilipoisha, au kwa sababu ya pombe na kukosa usingizi. Pengine ugonjwa wenyewe si kifafa. Haya yote huchunguzwa kwanza.

Kwa hivyo, mwenye kifafa anashauriwa afanye mambo manne. Aandike tarehe ya kila mshtuko. Jamaa akiweza, arekodi mshtuko kwa simu ili daktari auone. Aende kliniki na pakiti za dawa zote alizowahi kutumia. Na ikiwa dawa mbili zimeshindwa, aombe rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na neva. Huko ndiko atapimwa kwa EEG na picha ya MRI. Huenda ikabainika kwamba kuondoa sehemu ndogo ya ubongo yenye kasoro kutamaliza mishtuko kabisa. Vifaa hivi hufikiriwa zaidi pale upasuaji huo hauwezekani au haukufaulu.

Asiache dawa ghafla akisubiri kifaa. Kufanya hivyo kunaweza kuleta mshtuko usiokoma, na huo huua. Mwanamke anayemeza valproate na anayeweza kupata mimba azungumze na daktari mapema, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mficha maradhi kifo humfichua. Aliyefungiwa nyumbani kwa ajili ya kifafa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu.