Singeli na Wajanja wa Kwanza

Msikilizaji, kila mtaa una kijana wa aina hii: singeli ikipigwa harusini anakunja uso, “Sisi tulianza nayo zamani.” Ujanja wake si kuupenda muziki, ni kutangulia.

Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale, kwenye sherehe za vigodoro: spika zimepangwa uchochoroni, vumbi linatimka, mapigo yanapita 200 kwa dakika. Wakubwa wakaiita uhuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya singeli, Sounds of Sisso, na Ulaya nayo ikacheza.

Kilichodharauliwa kikishapendwa na wote, mjanja huhamia kingine. Mwacheni aende. Wanaostahili heshima, na malipo, ni waliokianzisha.