Dawa Iwepo Kabla ya Usiku

Mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba, hujulikana na wengi kwa makaburi yake ya zamani. Lakini mtu hafiki kaburini kwa siku moja. Yapo majuma ya mwisho, ambayo mgonjwa wa saratani huyamalizia nyumbani, mikononi mwa jamaa zake. Maumivu yakimzidi saa nane za usiku, kliniki zimefungwa, na nduguye akitoka kutafuta dawa atakutana na askari wa kizuizini kabla ya kumwona mganga.

Basi dawa ya usiku huo haina budi kuandikwa mchana, siku kadhaa kabla haijahitajiwa. Tabibu huacha nyumbani dawa ya maumivu, ya kichefuchefu na ya mahangaiko ya mwisho, pamoja na maagizo kwa maandishi: mgonjwa apewe nini, kiasi gani, wakati gani, na nani aitwe.

Jambo hili si la nchi tajiri peke yake. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji, ukawa dawa ya kunywa, ambayo mgonjwa hupewa kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi.

Wapo wanaohofu kwamba mofini humuua mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo na kuongezwa hatua kwa hatua, haimuui, humpunguzia mateso. Hata hivyo, dawa hii ni kali. Sharti ifungiwe mbali na watoto, na itakayobaki irudishwe kliniki.

Hapa ndipo wajibu wa askari unapoonekana. Kumsaka mchuuzi wa dawa za kulevya ni kazi yake halali. Lakini chupa inayopelekwa nyumbani ikiwa na jina la mgonjwa, kipimo na karatasi ya tabibu, si mali ya magendo. Askari anayeisoma karatasi hiyo kwa kurunzi, akajiridhisha, kisha akampisha aliyeibeba, amemlinda raia kama alindavyo mpaka. Tena aliyelala kitandani akiingoja huenda ni askari mstaafu, mwenzake wa jana.