Kuchoka kisha matunzo ya mionzi haiko uvivu

Leo mumekuja kupimisha watoto. Mbele ya kuweka mutoto kwenye mizani, mukae kwanza, tuzungumuze juu ya mama mwenye kutunzwa kansere ya ziwa. Pengine ni wewe mwenyewe. Pengine ni dada yako ao mama mukwe wako.

Munajua habari yake. Alipasuliwa, kisha akaenda mbali, Kigali ao Kampala, kwenye mashini ya mionzi. Siku 5 kila juma alilala chini ya mashini dakika chache tu, kwa majuma 3 mupaka 6. Mashini haikumuuma. Sasa amerudi nyumbani, kidonda kimekauka, na watu wanasema: "Amepona, arudilie kazi." Lakini akifagia nyumba tu, anatafuta kiti. Analala usiku muzima, asubuhi anaamuka angali amechoka. Basi maneno inaanza: "Amezoea kulala." Wengine wanasema amelogwa. Na yeye anaogopa moyoni: "Kumbe kansere imerudi?"

Wamama, haiko uvivu. Haiko uchawi. Na mara nyingi haiko kansere yenye kurudi.

Juu ya nini anachoka? Mionzi inaua kansere, lakini inagusa pia sehemu nzima za mwili zenye kuwa karibu. Mwili unatumia nguvu nyingi kuzitengeneza. Ni sawa na nyumba kisha mvua kubwa: mvua imeisha, lakini kazi ya kutengeneza ingali. Kuchoka kunaanza polepole, kunazidi wakati matunzo inakaribia kuisha, na kunaweza kuzidi tena juma moja ao mbili kisha mwisho. Kwa wengi kunapungua kisha majuma machache. Kwa wengine kunakawia miezi mingi.

Kwa hiyo, mama, kama ungali kwenye mashini, usiache matunzo katikati sababu umechoka. Umuambie munganga.

Ufanye nini nyumbani?

1. Uchague kazi. Asubuhi ujiulize: kazi gani moja ni ya lazima leo? Fanya ile wakati ungali na nguvu. Maharagi unaweza kuyachambua mwenye kukaa. Kutwanga sombe, kuchota maji na kubeba makala, waachie wengine kwanza. Usianze na bidoni ya lita 20. Anza na kitu kidogo, ongeza polepole.

2. Upumuzike kidogo. Muchana lala dakika 30. Ukilala muchana muzima, usiku usingizi utakimbia, na kesho utachoka zaidi.

3. Utembee. Utasema: "Nimechoka, nitatembea namna gani?" Lakini kulala siku zote kunamaliza nguvu ya miguu. Tembea dakika 10 mupaka kwa jirani, urudi. Juma lenye kufuata ongeza kidogo. Kutembea ni dawa yenye kusaidia sana kwa kuchoka huku.

4. Ule na unywe. Kama chakula kingi kinakushinda, ule kidogo mara nyingi: maharagi, ndagala, yai, karanga, lengalenga, uji wa soya. Unywe maji safi.

5. Useme. Usifiche. Muambie bwana na watoto: "Munganga amesema kuchoka huku kunatoka kwa matunzo." Mama mwenye kuficha anajikaza, kisha anaanguka jikoni.

Lakini musiseme kila kuchoka ni ya mionzi. Malaria inachokesha. Kupungukiwa na damu kunachokesha. Huzuni pia. Kuja hospitali upimwe, usingoje, kama una homa, kama unakosa pumzi, kama unakohoa bila kuacha, kama moyo unapiga mbio, kama mukono umevimba, kama hauwezi kutoka kitandani, ao kama unalia kila siku. Na siku munganga aliyokupangia kurudi, usiikose hata ukijisikia muzuri.

Sasa ninyi wa jamaa. Mionzi ya ile mashini haibaki mwilini. Mama huyu haambukizi mutu. Anaweza kubeba mutoto, kupika, kula sahani moja na wengine, na kulala na bwana yake. Musimutenge. Musimuulize: "Utaamuka lini?" Mumuulize: "Leo tukuchotee maji?" Wewe bwana, kuchota maji hakupunguzi heshima yako. Wewe binti, chukua jembe ya mama kwa miezi hii.

Nguvu itarudi, lakini hairudi siku moja. Leo atafika mulangoni, juma lenye kuja kwa jirani, kisha sokoni. Mutembee naye.

Sasa mulete watoto kwenye mizani.