Weupe wa Mshumaa Wenye Manukato: Mada kwa Watengenezaji wa Kasulu na Kibondo



Mishumaa yangu ya kwanza ya vanila ilitoka kwenye kalibu ikiwa myeupe kama maziwa. Niliipanga dirishani ili wapita njia waione. Wiki mbili hazijaisha, ikawa na rangi ya chai ya maziwa, upande wa dirishani zaidi kuliko upande wa ukutani. Mama aliyeiagiza kwa ajili ya harusi ya binti yake aliikataa, nami sikuwa na la kumjibu. Nilidhani nta ndiyo mbovu. Nta haikuwa na kosa lolote.

Jambo ninaloomba tulishike leo ni hili: jua lile lile linaloing'arisha nta ndilo linaloharibu mshumaa uliokwisha kutiwa manukato. Lazima tujue saa ya kuanika na saa ya kuficha.

Nianze na kuanika. Wengi wetu tunatumia nta ya nyuki, kwa kuwa misitu ya miombo ya wilaya zetu imekuwa na mizinga ya magogo na ya magome tangu enzi za wazee. Nta hiyo hutufikia ikiwa ya njano, mara nyingine ya kahawia, kwa sababu ya chavua, gundi ya nyuki, na masega ya zamani yaliyolelewa majana. Masega mapya meupe yasichanganywe na meusi; hasara hiyo hairekebishiki baadaye. Yeyusha nta kwenye maji ya mvua, kwa maana maji ya kisima yenye kutu hutia weusi. Chuja kwa kitambaa, acha ipoe taratibu, kisha kwangua uchafu ulioganda upande wa chini.

Nta ikishakuwa safi, ikwarue iwe vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, uvitandaze kwenye shuka jeupe juani. Nyunyizia maji kila inapoanza kulainika, na uigeuze kila siku. Watengenezaji wa Ulaya walifanya hivi kwa karne nyingi kabla ya dawa za viwandani. Miezi yetu mizuri ni Juni hadi Agosti, lakini ndiyo pia miezi ya vumbi jekundu, kwa hiyo anika mbali na barabara na ufunike kwa chandarua. Mwisho wake utapata rangi ya malai, si weupe wa parafini. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia dawa. Nawasihi msitie dawa ya kung'arishia nguo: klorini hubaki ndani ya nta na kuungua pamoja nayo.

Sasa sufuria. Chuma cha kawaida na shaba hubadili rangi ya nta. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya alumini, na iwe ya nta peke yake. Hapa Kigoma ni lazima niseme juu ya mawese. Sufuria iliyopikiwa mawese, hata ukiisugua, huacha umanjano wa karotini unaoonekana waziwazi kwenye nta nyeupe.

Joto nalo lina hesabu yake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ikipita 85 huanza kuiva na kugeuka rangi. Tunajifariji kwamba tukiweka sufuria ndani ya sufuria ya maji tumesalimika. Miinuko yetu imepita mita 1,200, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 96. Bado yanatosha kuiunguza nta. Kipimajoto ndicho kifaa cha kwanza ambacho kikundi kinapaswa kuchangia fedha, kabla ya kalibu za maua.

Nije kwenye manukato, ambako ndiko nilikoumia. Harufu ya vanila hutokana na vanilini, ambayo tangu 1874 wanakemia wanajua kuitengeneza bila tunda lenyewe, na ndiyo maana imejaa kwenye chupa za bei nafuu. Vanilini ikikutana na hewa na mwanga hugeuka kahawia. Haimo kwenye chupa iliyoandikwa vanila tu; imo kwenye harufu za chokoleti, za karameli, na nyingi zinazoitwa tamu. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, nayo hukolea rangi, hasa ikigusa chuma. Mafuta ya mchaichai yenyewe huja na umanjano.

Viwanda huongeza vizuia miale ya jua. Hivyo husaidia dhidi ya mwanga, lakini haviizuii hewa, kwa hiyo huchelewesha tu. Mimi nimeamua hivi: mshumaa unaotakiwa uwe mweupe, wa kanisani au wa harusi, siutii chochote chenye vanilini. Anayetaka vanila namtengenezea mshumaa wa rangi ya asali tangu mwanzo, au nauchovya mara mbili kwenye nta nyeupe isiyo na manukato, na ninamwambia kwamba ganda hilo nalo litabadilika siku moja.

Tia gramu 30 hadi 60 za manukato kwa kilo ya nta, sufuria ikiwa imeshaepuliwa na joto limeshuka hadi nyuzi 70 hivi. Ukizidisha, mafuta hutoka jasho juu ya mshumaa na kuacha madoa.

Mshumaa ukishapoa, uingie gizani. Ufunge kwa karatasi nyeupe, si gazeti lenye wino, uweke kwenye boksi, na dirishani ubaki mmoja wa kuonyesha. Kila chupa mpya ya manukato ijaribiwe hivi: mimina mishumaa miwili midogo, mmoja ukae juani, mwingine kabatini, ulinganishe baada ya wiki mbili. Usipokee oda kabla ya hapo.

Kwa wauzaji wa manukato walioko nasi leo nina ombi moja. Andikeni kwenye kila chupa kama ina vanilini, na ni asilimia ngapi.