Itambueni Diski Kabla ya Kusakinisha Linux



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Wapo wenye kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11 wanaofikiria kuhamia Linux, na mwangalifu miongoni mwao huijaribu kwanza kwenye diski ya nje ili mafaili yaliyo katika diski ya ndani yasiguswe. Ni uamuzi wa busara, lakini una mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni diski kutoonekana. Kabla ya kumlaumu muuzaji, badilisheni waya, kisha tundu la USB, na mchomeke diski kwenye kompyuta yenyewe badala ya kupitia kigawanyi. Diski ya inchi 3.5 huhitaji pia adapta yake ya umeme. Halafu fungueni dirisha la amri la Linux na mwandike:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Kila diski itaorodheshwa pamoja na ukubwa na modeli yake. Iliyouzwa kuwa ya terabaiti 1 itasomeka takribani 931G. Hamjapunjwa: mtengenezaji hukokotoa kwa 1,000, amri hiyo hukokotoa kwa 1,024. Msitegemee majina kama sda au sdb, kwani huweza kubadilika kila kompyuta inapowashwa.

Mtego wa pili ni mahali inapowekwa programu ya kuwashia mfumo. Kompyuta za UEFI huitafuta katika sehemu ndogo ya diski iitwayo EFI. Baadhi ya programu za usakinishaji, hata mkichagua diski ya nje, huiweka katika EFI ya diski ya ndani. Siku diski ya nje inapochomolewa, kompyuta husimama kwenye kioo cheusi chenye neno «grub>». Mwenyewe hudhani amepoteza kila kitu, na fundi asiye mwaminifu aweza kumtoza fedha za kurejesha mafaili ambayo hayakupotea.

Hali hiyo ikiwafika, msikubali diski ifutwe. Izimeni kompyuta, iwasheni tena huku mkibonyeza kitufe cha orodha ya kuwashia, ambacho kwa kompyuta nyingi ni F12, F9 au Esc, kisha mchague Windows Boot Manager. Windows ikifunguka, fungueni mafaili yenu mjiridhishe.

Kinga ni bora zaidi. Wekeni nakala ya mafaili kwingine. Diski ya ndani ikiweza kuchomolewa, au kuzimwa katika mipangilio ya UEFI, fanyeni hivyo kabla ya kusakinisha. Someni muhtasari wa mwisho: diski itakayofutwa iwe ile mliyoitambua kwa ukubwa na modeli. Mkimpa fundi kazi hiyo, aandike kwenye risiti ni diski ipi atakayoigusa, kabla hajaanza.