Mkaguzi wa Hesabu na Mali ya Wanachama

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya mtu ambaye akifika chamani watu hunong'onezana, wakidhani ni askari. Ndiye mkaguzi wa hesabu.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja, wakaweka wapimaji wao wenyewe kuitazama. Chini ya uongozi wa Paul Bomani vikaenea vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao wa Victoria. Basi mizani ikawa yao. Je, nani sasa amtazame mwenye mizani?

Sheria ya mwaka 1932 ilikwisha kuagiza hesabu za vyama zikaguliwe. Walakini vyama viliongezeka upesi, na mwaka 1966 kamati ya Rais Nyerere ilieleza upungufu mwingi, pamoja na utovu wa uaminifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mwaka 1982 sheria ilivirudisha, likaundwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Tena mwaka 2018 sheria ya huduma ndogo za fedha ilivitia vyama vya akiba na mikopo katika masharti mapya ya leseni.

Kwa hiyo mkaguzi wa leo huuliza mengi kuliko yule wa zamani: leseni iko wapi, mikopo iliyochelewa imeandikwaje? Lakini huanza palepale: huhesabu fedha za kasha mbele ya mweka hazina, hulinganisha stakabadhi na daftari, kisha humwuliza mwanachama mwenyewe akiba yake ni kiasi gani.

Hapa wengi hukosea. Husikia chama kimepata hati inayoridhisha, wakapiga makofi na kwenda zao. Hati hiyo yasema kwamba hesabu zimeandikwa kwa haki katika mambo makubwa. Haisemi kwamba hakuna senti iliyopotea, wala kwamba mikopo ilitolewa kwa busara. Mkaguzi hafungi mtu wala harudishi fedha. Yeye huandika, na wenye chama ndio waamuzi.

Basi mkutano mkuu utakapoitishwa, nendeni na vitabu vyenu vya akiba. Ombeni taarifa ya mkaguzi isomwe yote kwa Kiswahili, na barua yake ya kasoro pia, kabla ya viongozi kuchaguliwa.